Matumaini na Mashaka: Mtaala Mpya Kitui na Makueni

Mtaala wa Umilisi, uliochukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 nchini Kenya, umewagawa watu wa Kitui na Makueni katika makundi mawili ambayo mara nyingi hayazungumzii kitu kimoja. Wenye matumaini husoma kitabu: malengo ya mtaala, umilisi saba wa kimsingi unaotajwa humo, ahadi kwamba kila mtoto atapata mkondo unaolingana na kipawa chake. Wenye mashaka hutazama darasa: idadi ya walimu, maji, maabara, umbali wa kutoka nyumbani hadi shuleni. Kila kundi husema kweli kuhusu kile linachokiona, na ndiyo sababu ubishi huu umedumu miaka mingi bila upande mmoja kuunyamazisha mwingine.

Mfumo wenyewe hutambulika kwa tarakimu 2-6-3-3-3: miaka miwili ya chekechea, sita ya shule ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari pevu, na angalau mitatu ya chuo kikuu. Ulijaribiwa mwaka 2017 katika shule chache za kila kaunti, kisha ukaanza kutumika nchini kote Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3. Darasa lililotangulia limekuwa likivuka kila ngazi kabla ya wengine: lilifanya tathmini ya kwanza ya KPSEA, ya mwisho wa shule ya msingi, mwaka 2022, tathmini ya kwanza ya KJSEA, ya mwisho wa sekondari msingi, mwaka 2025, na likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Nyuma yake mfumo wa zamani unafungwa hatua kwa hatua. KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa 2023, na KCSE ya mwisho ya 8-4-4, mtihani wa kumaliza sekondari, ni ya 2027.

Mashaka ya Ukambani, eneo la Wakamba lenye kaunti hizi mbili, yana mizizi ya zamani zaidi. Mwaka 1981 jopo lililoongozwa na Profesa Colin Mackay wa Kanada lilipendekeza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili, na pamoja na hilo mfumo mpya wa elimu. Mfumo huo, 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulianza 1985. Wazazi waliambiwa kwamba elimu ya vitabu vitupu ilikuwa imezaa vijana wasio na kazi, na kwamba sasa mtoto angejifunza kilimo, useremala, ushonaji, sayansi ya nyumbani, sanaa na muziki, ili aweze kujitegemea hata akiishia darasa la nane. Kila shule ya msingi ilihitaji chumba cha darasa la nane na karakana. Gharama ya kujenga iliwaangukia wazazi kwa njia ya harambee, na katika Ukambani hilo lilikuja mara tu baada ya ukame mkali wa 1984, watu wakiwa wamemaliza akiba ya chakula na kupoteza mifugo.

Majengo hayo yaliinuliwa, kwa sehemu kubwa, kwa nguvu za mwethya, vikundi vya kazi za pamoja ambavyo vilikuwa vimezoea kulima, kujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko na kuchimba mabwawa. Kitui ilijulikana kwa bidii hiyo kiasi kwamba Martin Hill aliandika kitabu kizima, kilichochapishwa 1991, kuhusu harambee na elimu katika wilaya hiyo. Lakini ukuta hautoshi kuwa karakana. Katika shule nyingi za vijijini nchini vifaa havikufika, walimu wa ufundi hawakutosha, na masomo ya mikono yakafundishwa ubaoni kama masomo mengine yote. Baadaye yakapunguzwa, kisha yakaondolewa kwenye mtihani. Tume ya Davy Koech ilipopendekeza mwaka 1999 mfumo mwingine mpya, serikali iliukataa kwa sababu ya gharama, na 8-4-4 ikabaki na mtihani wake mgumu bila karakana zake.

Historia hii inafaa kupewa uzito zaidi kuliko inavyopewa katika mijadala ya Nairobi. Mzee wa Kyuso au wa Kathonzweni aliyebeba mawe ya karakana mwaka 1985 alisikia mwaka 2019 maneno yaleyale, kujitegemea, vipawa na kazi za mikono, mara nyingi yakitamkwa kana kwamba hayajawahi kutamkwa. Shaka yake haitokani na kuogopa mageuzi. Amewahi kuyalipia mageuzi kama hayo na anajua yaliishia wapi.

Wenye matumaini nao wana hoja ambayo haipaswi kuchukuliwa kijuujuu, nayo ni KCPE. Kwa karibu miaka arobaini mtihani mmoja, uliofanywa kwa siku chache, uliamua nani ataendelea na nani atabaki. Mtoto wa shule isiyo na walimu wa kutosha kule Mutha alishindana na mtoto wa shule ya kulipia mjini kwa karatasi ileile, na aliyeshindwa alirudi nyumbani akiwa na jina la aliyeanguka. Sera ya 2018 ya kumpeleka kila mtoto sekondari ilipunguza ukali huo, ingawa haikuondoa mashindano ya kuingia shule nzuri. Kufutwa kwa KCPE na kuwekwa tathmini isiyomfungia mtoto mlango ni badiliko halisi ambalo familia maskini imelihisi.

Badiliko la pili lina maana ya pekee mahali penye ardhi pana. Mpango wa awali ulikuwa kuweka Gredi ya 7 hadi ya 9, yaani sekondari msingi, katika shule za sekondari. Jopo la rais la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lililoundwa 2022, lilipendekeza madarasa hayo yabaki katika viwanja vya shule za msingi, na serikali ikakubali. Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Makueni, yenye kilomita za mraba zipatazo 8,000, ilikuwa na watu 987,653. Shule za msingi zimetapakaa vijijini kuliko za sekondari, hasa upande wa mashariki na kusini mwa Kitui ambako boma hadi boma ni mwendo. Kama mpango wa awali ungefuatwa, mtoto wa miaka 12 angelazimika ama kutembea kilomita nyingi alfajiri ama kupelekwa bweni kwa karo ambayo wazazi hawana. Uamuzi wa kumbakiza shuleni kwake, ambao ulishutumiwa na wengi kuwa wa haraka, ndio ulioufanya mtaala huu uweze kuvumilika katika kaunti kame.

Katika madarasa ya chini malalamiko makubwa ya mwaka 2019 hadi 2021 yalihusu vifaa na kazi za nyumbani. Wazazi waliombwa rangi, manila, picha zilizochapishwa, vitu vya kufinyanga. Mwaka 2021 suala la mtaala lilifikishwa hadi Mahakama Kuu na mzazi aliyekuwa wakili. Hapa hali ya Kitui na Makueni inatofautiana na ya mijini kwa namna inayowapa wote wawili, mwenye tumaini na mwenye shaka, cha kusema. Mtaala unataka vifaa vitokane na mazingira ya mtoto, na mazingira haya yana utajiri: katani ya kusokotea viondo, vibuyu, udongo wa mfinyanzi, mbegu za aina nyingi, nyuzi na mbao. Nyanya anayesuka kiondo ni mwalimu ambaye 8-4-4 ya miaka ya mwisho haikumpa nafasi. Mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui ni mojawapo ya sehemu zinazojulikana duniani kwa kuyajenga, yanatosha kwa masomo mengi ya sayansi: namna mchanga unavyohifadhi maji dhidi ya jua, namna kina cha maji kinavyobadilika, kwa nini mahali pa kujenga huchaguliwa penye mwamba.

Hata hivyo kazi iliyodai picha ya kuchapishwa ilimtuma mzazi kwenye duka la kompyuta sokoni, na nauli ya kwenda na kurudi ikazidi bei ya karatasi yenyewe. Somo la kilimo lilitaka bustani, na bustani ilitaka maji ambayo shule nyingine huyapata kwa watoto kuja na madumu asubuhi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Kizazi cha kwanza cha mtaala mpya kilisoma madarasa yake ya msingi katikati ya ukame huo. Tathmini yoyote ya matokeo yake katika kaunti hizi isiyotaja jambo hili ina kasoro.

Walimu walikuwa wa kwanza kutia shaka hadharani. Mwaka 2019 Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, chini ya Wilson Sossion, kilipinga mafunzo ya mtaala mpya kikisema ni mafupi na kwamba shule hazijaandaliwa. Mvutano wake na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ulikidhoofisha chama chenyewe. Hoja iliyokuwa ndani ya mvutano ule ilikuwa sahihi. Mtaala unamtaka mwalimu aache kuhutubia, awagawe watoto katika makundi, awape uigizaji na majaribio, kisha aandike alichokiona kwa kila mmoja. Mafunzo ya siku chache wakati wa likizo hayabadilishi mazoea ya miaka ishirini, na darasa la watoto sitini haligawiki kirahisi. Hatua ya kutoa tumaini ilikuja kwa upande wa vyuo: tangu 2021 vyuo vya ualimu wa msingi, kikiwemo cha Kitui, vilihama kutoka cheti cha P1 hadi stashahada iliyoandaliwa kwa ajili ya mtaala huu. Walimu wa stashahada hiyo wanaingia madarasani polepole, na ni wao, kuliko warsha zozote, watakaoonyesha kama ufundishaji umebadilika.

Sekondari msingi ilikuwa na tatizo gumu zaidi. Ilianza 2023 na masomo mengi, katika shule ambazo hazikuwa na maabara hata moja, ikitegemea kwa sehemu kubwa walimu wanagenzi waliolipwa Sh20,000 kwa mwezi. Shule ndogo ilipata mwalimu mmoja au wawili wa ngazi hiyo, nao wakagawana masomo yote, yakiwemo ambayo hawakuyasomea. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba utaratibu wa kuwaajiri walimu wenye vyeti kamili kama wanagenzi ulikuwa kinyume cha haki zao, na muhula uliofuata ukavurugwa na mgomo wao. Waliajiriwa kwa masharti ya kudumu mwanzoni mwa 2025. Darasa la kwanza, lililokuwa limekwisha kuingia Gredi ya 9, halingeweza kurudishiwa muda huo. Alama za KJSEA huhesabiwa kwa kuchanganya asilimia 20 za KPSEA, asilimia 20 za tathmini za shuleni na asilimia 60 za mtihani wa mwisho. Tathmini za shuleni hupakiwa na walimu kwenye mfumo wa mtandaoni wa Baraza la Mitihani, na penye mtandao hafifu mwalimu husafiri hadi mahali penye mawimbi ili aweze kupakia. Kwa walimu wengi, safari hizo ndizo zinazofanya neno ‘dijitali’ lisikike kama mzigo.

Mabishano ya namna hii hayako katika elimu peke yake, na mfano mmoja kutoka mahali pasipotarajiwa unasaidia kuona tofauti muhimu. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika kwa kufuata kitabu cha kanuni na maelekezo ya kiongozi wa mchezo, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na umetolewa upya mara kadhaa. Toleo la nne, la 2008, lilibadilisha kanuni kwa kiasi ambacho wachezaji wengi walilikataa. Waliokataa walikuwa na pa kwenda: walibaki na vitabu vyao vya zamani, na mwaka 2009 kampuni ya Paizo ikawachapishia Pathfinder, mchezo uliojengwa juu ya kanuni walizozipenda. Toleo la tano, la 2014, liliandaliwa kwa kuwapa wachezaji rasimu kuanzia 2012 wazijaribu na kutoa maoni, likapokewa vyema. Kuanzia 2024 vitabu vyake vikarekebishwa bila kuuvunja mchezo uliokuwepo. Katika matoleo yote hayo kitabu kizuri mikononi mwa kiongozi asiyekielewa kilitoa mchezo mbaya, na kiongozi hodari aliokoa kanuni dhaifu.

Mtaala unafanana na mchezo huo katika jambo hilo la mwisho: mwalimu ana nguvu kuliko kitabu. Unatofautiana nao zaidi katika suala la kukataa. Mchezaji asiyeridhika na toleo jipya hubaki na la zamani. Mzazi wa Ikutha hana toleo la zamani la kubaki nalo, kwa kuwa 8-4-4 ilifungwa nyuma ya mtoto wake mwaka baada ya mwaka. Nafasi ya kuondoka anayo mwenye fedha, anayeweza kumhamishia mtoto katika shule zinazofundisha mtaala wa Uingereza mjini. Shaka ya maskini, kwa hiyo, inabaki ndani ya shule ileile na ina njia moja tu ya kufanya kazi, nayo ni kusikilizwa na wanaorekebisha kitabu.

Kusikilizwa kumewahi kutokea. Rasimu ya sekondari pevu ilikuwa imelifanya somo la hisabati kuwa la hiari kwa wasiochagua sayansi. Upinzani ulipokuwa mkubwa mwanzoni mwa 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza mwezi Aprili kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa wote, kwa ngazi mbili: ya kina kwa mkondo wa sayansi na nyepesi kwa mikondo mingine. Uamuzi wa kubakiza sekondari msingi katika shule za msingi ni mfano wa pili. Katika mifano yote miwili mashaka ya umma yaliuboresha mtaala, na wale walioyaita uchochezi walikosea.

Kwa Kitui na Makueni swali zito sasa liko sekondari pevu. Kuna mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wizara ilitarajia karibu asilimia 60 ya wanafunzi waende mkondo wa kwanza, asilimia 25 wa pili na 15 wa tatu. Mwanafunzi husoma masomo manne ya lazima, Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, hisabati na huduma kwa jamii, kisha huchagua matatu mengine kulingana na mkondo wake. Somo la huduma kwa jamii lingeweza kufundishwa vizuri zaidi Ukambani kuliko mahali pengi, kwa kuwa mwethya upo na kijana anaweza kupangiwa kazi ya kweli katika bwawa au barabara ya kijiji badala ya zoezi la karatasi.

Tatizo liko katika neno kuchagua. Shule zimegawanywa kati ya zinazotoa mikondo yote mitatu na zinazotoa miwili, ya sayansi na ya sayansi za jamii. Mkondo wa sanaa na michezo upo katika kundi la kwanza tu, na hizo ni kwa kawaida shule kubwa, nyingi zikiwa za bweni. Shule za kutwa za kata, ambazo nyingi zilijengwa kwa fedha za CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, tangu 2003 na kuwapokea watoto wa familia zisizoweza kulipa bweni, ziko katika kundi la pili. Kijana wa Tseikuru mwenye kipawa cha muziki au cha kuchonga, katika jamii ambayo uchongaji na ngoma zake vinajulikana mbali, anaambiwa kwamba mkondo wake upo lakini uko mbali na una karo ya bweni. Ahadi iliyowavutia wenye matumaini kuliko zote, ya kukuza kipawa, ndiyo inayotegemea mfuko wa mzazi kuliko zote.

Hata mkondo wa sayansi, ambao kila shule inatakiwa kuutoa, unahitaji maabara, maji ya bomba ndani yake, na walimu wa fizikia. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari umewekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka, lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba fedha zilizopo zinatosha takriban Sh16,900. Shule kubwa huziba pengo hilo kwa karo za bweni na kwa wanafunzi wake wa zamani. Shule ya kutwa yenye wanafunzi mia moja na hamsini haina pa kuziba, kwa sababu mgao wake hufuata idadi ya vichwa na gharama ya maabara haifuati idadi hiyo. Basari za kaunti na za maeneo bunge humsaidia mwanafunzi mmojammoja, hazinunui hadubini.

Kuna hesabu moja ya majengo ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Sekondari ya 8-4-4 ilikuwa na madarasa manne, kidato cha kwanza hadi cha nne. Sekondari pevu ina matatu. Kwa kuwa kidato cha kwanza cha mwisho kiliingia 2024, kila sekondari imekuwa na ngazi tatu tangu 2025, na itabaki hivyo. Shule ya msingi imekwenda kinyume: imepoteza darasa la saba na la nane ikapokea Gredi ya 7, 8 na 9, pamoja na mahitaji ya maabara ambayo haikuwa nayo kamwe. Upande mmoja wa barabara kuna chumba kilichobaki wazi, na upande wa pili watoto wa Gredi ya 8 hufanyia majaribio chini ya mti. Mahali ambapo shule hizo mbili ni majirani, na hivyo ndivyo ilivyo katika masoko mengi ya Mbooni, Kaiti na Kitui ya Kati, maabara moja ingeweza kutumika kwa zote kwa ratiba. Kinachozuia ni kwamba zina bodi mbili, akaunti mbili na walimu wakuu wawili.

Gredi ya 12 ya kwanza itafanya mtihani wake mwaka 2028 na kuelekea vyuoni 2029, baadhi wakiingia Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza. Wastani wa taifa wa mtihani huo hautamaliza ubishi wa Kitui na Makueni, kwa maana wastani huo utabebwa na shule za bweni. Takwimu za kuangaliwa ni za kata kwa kata: ni wangapi waliomaliza katika shule za kutwa wakiwa katika mkondo waliouomba tangu Gredi ya 9, ni wangapi walihamishwa mkondo kwa kukosa mwalimu, na ni wangapi walioacha shule kati ya Gredi ya 9 na ya 10, pale ambapo mtoto kwa mara ya kwanza huondoka katika shule ya kijijini kwake. Wizara tayari ina baadhi ya taarifa hizo katika mfumo wake wa kuwapanga wanafunzi, na inaweza kuzitoa kwa kila kaunti ndogo kila mwaka kabla ya kuandika marekebisho yafuatayo ya mtaala.